Arobaini na tano, sio sitini

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini, hatua chache tu kutoka mahakamani, na kwa miaka tisa sasa nimechapa viapo vya watu mpaka vidole vimekariri. "Mimi fulani, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Mtwara, ninaapa na kueleza kama ifuatavyo", hiyo naiandika huku naongea na simu huku narudisha chenji ya fotokopi. Kwaiyo mtu akisikia familia yangu mimi mwenyewe imepoteza shamba kwa kuchelewesha karatasi mahakamani anacheka kwanza halafu ndo ananipa pole. Simlaumu, ningekuwa mimi ningecheka zaidi.

Shamba lenyewe liko juu ya Mikindani, ukishamaliza kile kilima cha barabara ya Lindi unakata kushoto unatembea kama dakika ishirini. Mikorosho 48, minazi michache iliyozeeka na mwembe mmoja ambao hauzai ila kivuli chake acha tu. Lilikuwa la bibi mzaa mama. Mwaka 1996 mama mdogo aliumwa sana, hela hakuna, bibi akaiweka ile mikorosho rehani kwa jirani. Rehani ya huku kwetu mtu wa kuja hawezi kuielewa haraka, unachukua hela yako, mwenzio anaokota korosho msimu huu na msimu ujao mpaka siku utakayomrudishia chake, lakini mti ni wako na ardhi ni yako, hakuna aliyeuza kitu. Karatasi hakuna, kuna mashahidi wawili na kahawa. Bibi akafariki 2008 hajairudisha ile hela, jirani naye akafuata, wanae wakaendelea kuokota na sisi tukaendelea kuwaangalia maana deni ni deni, na wenyewe ni watu tuliokua nao, tumecheza nao, mmoja amenifundisha kuogelea pale ghubani.

Sasa mnakumbuka gesi. Mwaka 2012, 2013 hivi kila mtu Mtwara alikuwa anaongea viwanja, wageni wanashuka wanauliza heka, mpaka mtu ana kichaka cha miiba anakwambia hicho ni milioni kadhaa. Gesi ikaenda zake Dar kwa bomba, bei zikapoa, lakini ile akili ya kwamba ardhi iliyo karibu na barabara ya lami ni hela haikupoa tena. 2019 tunaenda shambani tunakuta bikoni. Tunawauliza wale watoto wa jirani, tunaambiwa marehemu mzee wao alinunua. Alinunua lini, kwa nani, ah, alinunua.

Nisiwachoshe na habari za katikati. Mjomba akateuliwa msimamizi wa mirathi, tukaenda baraza la kata wakatusuluhisha wakashindwa (siku hizi kata haihukumu tena, toka sheria ibadilishwe 2021 kazi yao ni kupatanisha tu, wakishindwa ndani ya siku 30 unaenda zako wilayani), 2022 tukafungua baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Hukumu ikatoka Alhamisi tarehe 21 Machi 2024. Tukashindwa. Na tulishindwa kwa nini? Kwa kuchelewa. Sheria ya ukomo inasema kudai ardhi ni ndani ya miaka 12, bibi amefariki 2008 nyie mmekuja 2022, nje ya muda, kwaherini.

Yaani sisi tumechelewa mara mbili kwenye kesi moja. Ila ule wa kwanza sikubaliani nao mpaka leo. Yule jirani aliingia shambani kwa kukaribishwa, kwa rehani, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mtu uliyemkaribisha kwenye ardhi yako hageuki kuwa mwenye ardhi kwa sababu tu amekaa sana, angekaa hata miaka mingapi. Hiyo ndo ilikuwa hoja yetu ya rufaa. Kurasa tatu, nimezichapa mwenyewe, ziko kwenye flashi humu kwenye droo chini ya stepla. Hakuna jaji aliyewahi kuzisoma.

Watu wengi ninaowachapia huwa wanaponea kwenye nakala. Ukihukumiwa leo, nakala ya hukumu na dikrii (ile karatasi ya amri ya mwisho) inaweza kukaa wiki, mwezi, na sheria inakutolea zile siku ulizokuwa unangojea nakala, mradi kwenye kumbukumbu ionekane uliiomba lini na ikawa tayari lini. Ndo maana siku zote nawaambia watu ukitoka tu kwenye hukumu andika barua ya kuomba nakala, gonga muhuri wa kupokelewa, tunza kopi. Nawaambia bure, sichaji. Sasa kwetu, kwa bahati mbaya (sijawahi kufikiri nitaandika hivi), nakala zilikuwa tayari siku ileile. Mjomba akasaini, akaweka kwenye bahasha ya kaki, akaondoka nazo. Saa ikaanza kugonga palepale.

Na ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mjomba akasema tufunge kwanza tumalize, mambo ya kugombana na watu kwenye mwezi mtukufu sio mazuri. Idi ikaja Jumatano tarehe 10 Aprili. Baada ya Idi ndo kikao cha ukoo, Jumapili tarehe 14, nyumbani kwa mjomba. Siku 24 zimeshaenda hapo na hatujafanya kitu zaidi ya kula futari.

Kwenye hicho kikao ndo ikatajwa ile namba. Alikuwepo bwana mmoja, simtaji, sio wakili ila ni wale wanaojua mambo, kila kijiji yupo, anavaa koti hata jua likiwaka na ana faili. Akasema rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku sitini. Mjomba akasema umesikia, sitini. Wazee wakaitikia sitini. Mimi nilikuwa upande wa uani nakuna nazi, nikasikia, na naapa kuna kitu kilinichoma, maana sitini na arobaini na tano zote nimezichapa mara nyingi. Lakini nikajiambia labda. Na hata kama ningekuwa na uhakika, mpwa wa kike uinuke na kibao chako cha mbuzi uende ukamsahihishe mjomba mbele ya watu? Kwetu Wamakonde mjomba ndo mwenye ukoo, shamba la bibi linaongelewa na mjomba, hata baba yangu mzazi pale alikuwa mgeni tu anayekunywa chai.

Yule bwana hakudanganya, ndo kinachoniuma. Sitini ipo. Kama kesi yako ilianzia baraza la kata zamani wakati kata inahukumu, ukaenda wilaya kwa rufaa, kutoka hapo wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 60. Lakini kama kesi imeanzia wilayani moja kwa moja kama yetu, ni 45. Majirani wote waliowahi kwenda mahakamani kule kijijini walipitia ile njia ya zamani, kwaiyo kijiji kizima kinajua sitini. Yule bwana alitupa jibu sahihi la swali la mtu mwingine.

Basi tukatulia. Tuna muda. Tarehe 29 Aprili mjomba akaenda Dar kufanyiwa macho, mtoto wa jicho, alishapangiwa. Akafanyiwa, akapumzika, akakata tiketi ya kurudi Jumapili tarehe 5 Mei. Mnajua nini kilitokea wikiendi ile. Kimbunga Hidaya. Mvua ikanyesha kama mtu amepasua tangi, barabara ya Dar kuja kusini ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, malori na mabasi yamepanga foleni, watu wanalala barabarani, huku Mtwara na Lindi bidhaa zinazotoka Dar zikaanza kupanda. Basi la mjomba likageuza. Kaja kufika Mtwara Ijumaa tarehe 10, kavaa miwani myeusi, amekonda, lakini ana furaha kwamba amefika kabla ya sitini. Jumatatu tarehe 13 akafiwa na shangazi yake Nanyamba. Huko maziko, khitma ya siku tatu, karudi Alhamisi jioni.

Ijumaa tarehe 17 Mei akaja dukani kwangu na bahasha ya kaki. Akasema mama, leo tumalize. Nikamwambia sawa mjomba, ila ngoja kuna wakili kijana hapa jirani ni mteja wangu, aipitie kidogo kabla hatujaiingiza kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni. Nilisema hivyo kwa sababu ya kile kitu kilichonichoma siku ya nazi.

Wakili akaja na chapati yake mkononi. Akafungua, akaangalia ukurasa wa mwisho tu, tarehe. Akainua macho kwenye kalenda yangu ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, akatoa kifuniko cha peni akaanza kugusa namba moja moja, hahesabu kwa sauti ila midomo inacheza. Siku ya hukumu hakuihesabu, akaanzia tarehe 22 Machi. Machi siku kumi. Aprili yote thelathini. Kifuniko kikaingia Mei, moja, mbili, tatu, nne, kikasimama kwenye tano. Jumapili. Akasema, "Siku ya mwisho imeangukia Jumapili, mahakama imefungwa, sheria inakusogeza mpaka siku inayofunguliwa, kwaiyo mlikuwa na mpaka Jumatatu tarehe sita." Halafu akaniangalia mimi, sio mjomba. "Dada, leo tarehe ngapi?"

Mjomba kwenye kiti cha plastiki na miwani yake akasema, "Sitini."

Hakuna aliyemjibu. Printa ilikuwa inatoa kazi ya mtu mwingine, nikaizima.

Mawazo ya kwanza niliyopata ni yale ya kila mtu, tuipeleke hivyohivyo, jaji ataona ni wazee, ataelewa. Wakili akasema usithubutu. Rufaa ikiingia nje ya muda bila ruhusa, upande wa pili wanaweka pingamizi, mahakama inaitupa kwa sheria ya ukomo, na ikishatupwa kwa sababu hiyo kurudi palepale kuomba muda ni shida kubwa, umeshaufunga mlango na wewe uko nje. Njia ni kuomba kwanza kuongezewa muda, kwa kiapo, utoe sababu za msingi. Ukipewa ndo ukate rufaa.

Basi ndo nikajifunza, mimi niliyechapa hivyo viapo mia kidogo, maana ya kile kifungu ambacho mawakili wote wanakiweka. Kuna kesi ya mwaka 2010 wanaiita Lyamuya, mawakili wakiongelea kuongezewa muda lazima waitaje kama bismillah. Mahakama ya Rufani pale iliweka vitu vya kuangalia: uhesabu siku zote ulizochelewa, ucheleweshaji usiwe mkubwa kupitiliza, uonyeshe ulikuwa unahangaika na sio kwamba ulizembea au ulilala, na kama kuna sababu nyingine nzito mfano kasoro ya kisheria inayoonekana waziwazi kwenye hukumu yenyewe. Nilikuwa naichapa hiyo "kuhesabu siku zote" kama vile unavyosoma maandishi kwenye daladala. Kumbe wanamaanisha SIKU ZOTE. Moja moja. Hata siku uliyochelewa ikiwa moja tu nayo utaulizwa, ilienda wapi.

Wakili akachukua karatasi ya A4 akaandika pembeni kushuka chini, 7, 8, 9, 10, mpaka 23, maana tulitegemea kuwasilisha tarehe 24. Siku 17. Akasema haya mjomba, tuanze, tarehe saba ulikuwa wapi.

Tarehe 7 mpaka 10 zilienda vizuri. Barabara imekatika, tiketi ipo, karatasi za hospitali za macho zipo, na kimbunga nchi nzima ilikijua. Akaweka vema. Tarehe 11 na 12? Jumamosi na Jumapili. Nikasema wikiendi. Akacheka, siku hizi kesi zinafunguliwa kwa mtandao, mfumo haulali, mtu anawasilisha hata saa tano usiku na inahesabika ni siku hiyohiyo mradi saa sita haijafika. Mlifanya nini? Mjomba alipumzika. Andika kupumzika baada ya upasuaji na safari. Sawa. Kuanzia tarehe 12 si mnakumbuka pia intaneti ilikata, nyaya za chini ya bahari zilikatika, nchi nzima siku kadhaa tunahangaika hata meseji ya wasapu haiendi? Nikaruka kwa furaha, hiyo hapo! Wakili akauliza, "Mlijaribu kuaplodi ikagoma?" Hatukujaribu. Hatukujua kama tumechelewa tujaribu nini. Basi ile intaneti ikakata bure, haikutusaidia.

Tarehe 13 mpaka 16 msiba Nanyamba. Ushahidi? Ushahidi wa msiba! Tulizika, watu walikula, nani anachukua risiti. Ikabidi mtu atumwe kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua, na barua yenyewe ikaja imeandikwa tarehe ya maziko tu, haisemi mjomba alikaa mpaka lini. Tarehe 17 tumegundua. Tarehe 18 mpaka 21, hizi nne, sasa hizi ndo zilituua.

Maana tarehe 18 mpaka 21 tulikuwa tunatafuta hela. Basi. Hakuna lingine. Mwezi wa tano huku kusini hela haipo, korosho iliuzwa minada ya mwisho wa mwaka uliopita, ikalipwa, ikala ada na mabati na harusi, mpaka mnada mwingine ufunguliwe mwezi wa kumi watu wanaishi kwa muhogo na madeni. Wakili alitupunguzia lakini na yeye anakula. Nikakopa kwenye kikoba, mama mdogo (yuleyule aliyeumwa 1996, mzima kabisa sasa hivi) akauza mbuzi, Jumatano tarehe 22 hela ikatimia. Utaandikaje hiyo kwenye kiapo? Wakili akasema kukosa hela peke yake mahakama huwa haioni kama sababu, na kutojua sheria ndo kabisa usiitaje, zile sitini zenu zibaki nyumbani. Lakini na yeye hakutaka tuandike uongo. Kwaiyo zile siku nne zikaandikwa sentensi moja ya jumla jumla kwamba mwombaji alikuwa katika maandalizi ya maombi haya. Niliichapa mimi. Hata nilipokuwa naichapa niliona inavyoyumba.

Hapo katikati mjomba alinivuta nje. Akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, mimi zahanati fulani nina mtu wangu, karatasi ya kwamba nililazwa kuanzia 13 mpaka 21 hiyo naipata leo jioni kwa elfu ishirini. Msimhukumu, ni mzee mzuri, anaona shamba la mama yake linakwenda. Nilimwambia mjomba, msiba wa shangazi walikuwepo watu mia mbili na wewe ndo ulishika sanduku la pesa za rambirambi, wale wenzetu wa upande wa pili walikuja kuzika pia, mmoja wao alibeba jeneza. Watajibu kiapo kwa kiapo halafu ulale ndani kwa kusema uongo, na macho yako hayo. Akanyamaza. Akasema basi haraka haraka haina baraka, tufanye hivyo mnavyotaka. Nikataka kumwambia hiyo methali ndo imetufikisha hapa, nikaimeza.

Tukawasilisha Ijumaa tarehe 24, saa kumi na moja jioni, control namba ikatoka, nikalipa kwa simu hapohapo. (Hili nalo mlijue, kuaplodi peke yake sio mwisho, ada isipolipwa unaweza kuja kubishaniwa tarehe ipi ndo yako, ya kuwasilisha au ya kulipa, na hayo mabishano yameshafika mbele ya majaji. Lipa palepale.)

Uamuzi ulitoka mwezi wa tisa. Kwa kiingereza, ingawa toka 2021 sheria inasema kiswahili ndo lugha ya mahakama, hivyo ikabidi wakili amsomee mjomba kwenye benchi pale nje chini ya mti. Siku za kimbunga na macho jaji amezikubali zote. Msiba amesema barua haionyeshi siku zote zinazodaiwa. Tarehe 18 mpaka 21 amesema hakuna maelezo. Na ile hoja ya rehani tuliyoiweka kama kasoro ya kisheria akasema kasoro lazima ionekane juu juu ukiifungua tu hukumu, yetu inahitaji kuchimba ushahidi, hiyo ni kazi ya rufaa na rufaa hamna. Maombi yamekataliwa. Na kusema kweli nikikaa kama mtu baki sioni alipokosea. Alitupa nafasi ya kueleza siku 17 na sisi tulikuwa na maelezo ya siku 9, nyingine tumeshona na uzi mbovu.

Kulikuwa na njia ya kwenda Mahakama ya Rufani, unatoa notisi ndani ya siku 30. Tukakaa kikao. Kikao kikazaa kikao, watu wa Lindi hawajafika, wa Newala wanataka tungoje msimu wa korosho tupate hela. Unajua imeishaje.

Toka hapo nimekuwa kero dukani. Mtu akija na hukumu kufanya fotokopi sigusi mashine kabla sijaangalia tarehe, naisogelea kalenda na kifuniko cha peni kama yule wakili. Juzi kaja mama wa Tandahimba ana samansi, amepewa siku 21 kupeleka majibu yake, yeye alielewa kwamba ile tarehe ya kwenda barazani iliyoandikwa juu ndo anatakiwa aanze kujitetea kwa mdomo, alishaandaa na mashahidi na nauli zao. Alikuwa siku ya 19. Mwingine anaamini Desemba na Januari mahakama ikiwa likizo na siku zinalala. Hazilali, na mfumo unapokea kama kawaida. Kuna baba mmoja alinikasirikia kabisa, akasema mimi nimekuja kopi mbili tu, wewe dada unanihoji kama polisi. Nikamtolea kopi mbili. Alipoondoka nikawa nahesabu kichwani, nikakuta alikuwa na siku sita. Sijui kama alienda.

Mikorosho ya bibi wenzetu wameshaokota msimu mzima toka pale na msimu huu wameweka uzio wa miti upande wa barabara. Tukikutana tunasalimiana. Yule aliyenifundisha kuogelea aliniletea korosho za kukaanga kilo mbili Idi iliyopita, sikujua nizipokee au nizikatae, nikazipokea, watoto wakala.

Na mjomba? Jumamosi nilipita kijiweni kwao wanapocheza bao, nampelekea dawa ya macho. Nikamkuta ameshika kete anamweleza mzee mwenzie ambaye mwanae ana kesi ya kiwanja, imeanzia wilayani, hukumu imetoka wiki mbili zilizopita. Anamwambia usiwe na presha, rufaa ni siku sitini, sisi tulionewa tu. Nikampa dawa yake, nikamwamkia kwa heshima zote, halafu nikamwita yule mzee pembeni nyuma ya mti.